Alikosea dozi, mama akafariki: nimsaidie vipi mkunga wangu?

SWALI

Ndugu washauri, salaam. Mimi ni muuguzi kiongozi wa leba katika hospitali moja ya wilaya hapa Tanzania. Naomba msitaje mkoa.

Siku 9 zilizopita, usiku, tulipokea mama wa mimba ya kwanza mwenye kifafa cha mimba, presha 170 kwa 115, degedege limemshika akiwa bado kwenye bajaji. Zamuni walikuwa wakunga 2. Mmoja alikuwa anazalisha mama mwingine, hawezi kuondoka. Aliyebaki ni binti wa miaka 2 kazini, mchapakazi, hana historia ya uzembe hata kidogo. Ndiye aliyeandaa magneziamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege.

Ampuli zetu ni za mililita 10, nguvu asilimia 50. Alitakiwa avute mililita 8 aongeze maji mililita 12, zifike 20. Kwa haraka ile, kilichobaki kichwani mwake ni "20" tu. Akavuta ampuli 2 nzima bila maji, akachoma mshipani. Gramu 10 badala ya 4. Dakika chache baadaye mama akaacha kupumua. Walimpa pumzi kwa ambu, ule mfuko wa kupulizia hewa, wakatafuta kalsiamu glukoneti, dawa ya kuzimua magneziamu ikizidi, kwenye trei ya dharura, haipo. Ilikuwa stoo ya famasi, na mwenye funguo yuko nyumbani kwake. Daktari alimtoa mtoto kwa upasuaji na mtoto yuko hai. Mama alifariki saa 1 asubuhi.

Saa 3 asubuhi hiyo hiyo binti akapewa barua ya kutoa maelezo. Siku ya nne nilimrudisha zamu kwa sababu watu hawatoshi. Akajifungia chumba cha kuoshea vyombo, tukamtoa baada ya nusu saa. Sasa yuko nyumbani, amepanga chumba peke yake. Hali chakula. Ananipigia saa 9 usiku, saa 10 usiku, anasema akifumba macho anaiona ampuli. Kwenye grupu la WhatsApp la wodi mtu ameandika maneno ya kejeli. Nimemwambia ni mipango ya Mungu, ndiyo kwanza analia zaidi. Anataka kwenda kwa wafiwa kuomba msamaha. Kikao cha kupitia kifo ni Alhamisi hii.

Nimpe likizo? Nimhamishie wodi nyingine? Wapo wanaonishauri niwakusanye wote waliokuwepo usiku ule kila mtu atoe yaliyo moyoni. Na niseme la mwisho: ratiba ya zamu ile niliipanga mimi.

Sista Kiongozi


JIBU

Pole sana, Sista. Umeuliza kuhusu likizo, uhamisho na kikao, na yote tutayafikia. Lakini lipo jambo la leo, kabla ya jioni.

Mtu asiyekula, asiyelala, anayeishi peke yake na anayepiga simu saa 10 usiku, aulizwe waziwazi kama anafikiria kufa. Usizungukezunguke. Mwambie: "Mdogo wangu, mtu akipitia jambo kama hili wakati mwingine anaona bora asingekuwepo. Wewe umefikia hapo? Umefikiria kujidhuru?" Watu wengi huogopa kwamba swali hili litamwekea mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Halimwekei. Anayelibeba hupata nafuu kwa kuulizwa, na asiyekuwa nalo atakwambia hapana. Akisema ndiyo, mwulize kama amefikiria atafanyaje na kama kitu hicho anacho. Mkunga anajua dawa na dozi zake, na huenda anazo nyumbani. Kukiwa na mpango wa aina yoyote, usimwache peke yake hata kwa dakika 10. Dawa ziondoke chumbani, na mwende naye leo hii kwa mtaalamu wa afya ya akili. Hata akisema hapana, usiku wa leo asilale peke yake. Dada yake, rafiki wa kanisani, mwenzake wa chuo, yeyote anayemtaka yeye. Mwulize anamtaka nani, usimchagulie.

Usimpe vidonge vya usingizi kutoka kabati la wodi. Tunajua inavyokuwa: mtu halali siku ya tatu, mwenzake anamchomolea diazepamu, anaona kamsaidia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 unakataza kundi hilo la dawa kwa mtu mzima aliyepatwa na mshtuko, ndani ya mwezi wa kwanza, hata kama shida yake ni usingizi. Ni dawa zinazozoeleka haraka, na kilichomkosesha usingizi hakiguswi.

Sasa maneno. "Ni mipango ya Mungu" si neno baya, na huenda baadaye atalisema mwenyewe. Kosa liko kwenye wakati. Yeye anajua alichovuta kwenye bomba la sindano. Ukimwambia Mungu ndiye aliyepanga, anasikia mambo 2: kwamba hutaki kulizungumza lililotokea, na kwamba akilizungumza atakuwa anabishana na Mungu. Basi ananyamaza, kisha anakupigia saa 10 usiku. "Jikaze" nalo humfungia mlango. "Ingemtokea yeyote" ina ukweli, ila siku za mwanzo anaisikia kama unapunguza uzito wa mama aliyekufa. Na "wewe siyo wa kwanza", nani aliwahi kufarijika nalo?

Kinachosaidia ni kifupi na kinataja jambo lenyewe: "Najua kilichotokea usiku ule. Sijifanyi hakikutokea. Nimekuja kukuona wewe." Kisha kaa. Kimya cha dakika 2 ni kirefu na utatamani kukijaza, usikijaze. Mwulize amekula nini, amelala saa ngapi, nani yuko naye. Usimwombe akusimulie tukio. Akianza mwenyewe kusimulia ampuli, msikilize mpaka mwisho bila kumsahihisha na bila kuuliza "kwa nini hukusoma lebo". Swali hilo amejiuliza mara nyingi kuliko utakavyoweza kumwuliza wewe. Akikuuliza, "Ni mimi niliyemwua?", usikimbilie kusema hapana. Jibu la kweli, ambalo ataliamini kwa sababu ni la kweli: "Dozi ilikuwa kubwa, hilo tunalijua. Kifafa cha mimba chenyewe kinaua, na kalsiamu haikuwepo pale ilipotakiwa kuwepo. Sababu zote zitapitiwa, na mzigo wote si wako." Ahadi usiyo na uhakika nayo usiitoe. Likija kuonekana tofauti kwenye kikao, hatakuamini tena katika lolote.

Hapa tufike kwenye jambo ambalo huenda hulitaki. Wewe hufai kuwa mtu wake pekee. Alhamisi utakaa kwenye kikao. Ratiba uliipanga wewe, na hilo litaulizwa. Kila anachokwambia usiku unakibeba wewe ambaye kesho yake unaweza kuulizwa na Muuguzi Mfawidhi. Mwambie hivyo waziwazi: "Mimi ni kiongozi wako, nipo na wewe, lakini yapo nitakayoulizwa." Halafu mtafutie mwenzake wa ngazi yake, awe mkunga au nesi wa wodi nyingine, anayejua leba ni nini, asiyekuwa zamuni usiku ule, asiye mjumbe wa kikao, na ambaye mdomo wake unauamini. Kazi ya mtu huyo ni ndogo na ina mipaka: kumsikiliza dakika 20 au 30, kumpigia leo, kesho kutwa, siku ya kikao asubuhi na jioni, kisha mara moja kwa wiki mpaka mwezi uishe. Haandiki chochote. Hachunguzi chochote. Akiona dalili za hatari anakwambia, na binti anajua tangu mwanzo kwamba hilo moja tu ndilo litakalotoka. Mnunulieni vocha. Ni jambo dogo, lakini bila salio simu hizo hazitapigwa.

Mpango wa namna hii haujabuniwa jana. Mwaka 2000 daktari wa Marekani, Albert Wu, aliandika kwamba mgonjwa anapodhurika, mhudumu aliyekosea naye huumia, akamwita mhanga wa pili. Miaka 9 baadaye Susan Scott na wenzake wa Chuo Kikuu cha Missouri waliwahoji watoa huduma 31 waliopitia matukio kama haya, wakaona safari yao ina hatua 6: vurugu ya tukio lenyewe, mawazo yanayojirudia, kutafuta kama bado unaheshimika, kuhojiwa, kupata huduma ya kwanza ya moyo, na mwisho ama kuacha kazi, ama kuendelea huku jeraha likiuma, ama kusimama upya. Binti yako yuko kwenye hatua ya pili na ya tatu, na Alhamisi mnamwingiza ya nne. Timu hiyo ya Missouri ilipanga msaada kwa ngazi 3 na kukadiria kwamba kama 6 kati ya 10 wanatosheka na wenzao wa wodini wakijua la kusema, 3 wanahitaji mwenza aliyefundishwa, na 1 anahitaji mtaalamu. Hospitali ya wilaya haiwezi kuajiri mwanasaikolojia wa wafanyakazi, lakini ngazi hizo 2 za kwanza hazihitaji bajeti.

Jina "mhanga wa pili" sisi tunalitumia kwa tahadhari. Familia za waliodhurika zimelipinga, na zina hoja: mhanga ni marehemu na waliobaki na mtoto mchanga bila mama. Tukilisema sana mbele yao tunaonekana tunagombania kiti cha mfiwa.

Na hao wafiwa, je, wameambiwa ukweli? Barua yako haisemi. Kama wameambiwa tu "presha ilimzidi", basi anachotaka kukifanya binti, kwenda kuomba msamaha, kitalipuka mikononi mwake. Atakuwa mtu wa kwanza kuwaambia kuna dozi ilikosewa, peke yake, ndani ya uwanja wa msiba. Hilo ni jukumu la hospitali. Mganga Mfawidhi, pamoja na wewe au Muuguzi Mfawidhi na afisa ustawi wa jamii, mkae na mume na mzee mmoja wa familia, mahali pa faragha. Muwaeleze kinachojulikana mpaka sasa, mseme samahani kwa neno hilo hilo, muwaambie lini mtarudi na majibu ya kikao. Jina la mkunga si lazima litajwe siku hiyo. Baada ya hapo, familia ikiwa tayari na yeye akiwa bado anataka, wakutane, akisindikizwa. Kwa baadhi ya wahudumu siku hiyo ndiyo inayowafungua, kwa wengine inaongeza jeraha, kwa hiyo asilazimishwe upande wowote. Mwonye pia asitume rambirambi kimya kimya kwa simu. Moyo wake ni safi, ila elfu 50 iliyotumwa na mtu anayechunguzwa ikiibuka baadaye itasomwa kama kuwanyamazisha watu.

Kuhusu kuwakusanya wote watoe yaliyo moyoni: usifanye hivyo. Wazo ni zuri masikioni na limefanyika sana, lakini tafiti zilizokusanywa na kupitiwa na Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, mwaka 2002 hazikuona kwamba kikao kimoja cha kusimulia tukio kinazuia madhara ya mshtuko, na utafiti wenye ufuatiliaji mrefu ulionyesha baadhi ya watu walitoka wakiwa vibaya zaidi. Sababu inaeleweka ukitazama nani watakaa kwenye duara. Mkunga mwenzake atasimulia alivyosikia mlio wa ambu. Mtoa dawa ya usingizi atasimulia mapigo ya mama yalivyopotea. Mhudumu aliyeusitiri mwili atasimulia yake. Kila mmoja atatoka na picha ambazo hakuwa nazo alipoingia, na binti atatoka nazo zote, na wote wanamtazama yeye. Isitoshe chumba hicho kimejaa mashahidi wa kikao cha Alhamisi.

Kinachofaa ni kitu kingine kabisa, na ilikuwa kifanyike asubuhi ile: dakika 10, baada ya zamu, kabla watu hawajatoka getini. Nani yuko sawa, nani asiendeshe pikipiki kurudi nyumbani, nani anamsindikiza nani, nani anashika wagonjwa waliobaki, nani atapigiwa simu jioni. Hakuna kusimulia. Kwa sasa, hao wengine wa usiku ule watembelee mmoja mmoja. Usimsahau mhudumu wa usafi aliyeosha kile chumba, maana yeye huwa hamwoni mtu wa kumwuliza chochote.

Grupu la WhatsApp, leo. Usiandike mahubiri. Andika mstari mmoja: hakuna kujadili mgonjwa wala mtumishi humu, ujumbe ule ufutwe. Kisha mwite aliyeandika, ofisini, mlango umefungwa. Kama kuna aliyepiga picha faili, hilo si kejeli tena, ni siri ya mgonjwa iliyovunjwa, na linapelekwa ngazi ya juu.

Alhamisi. Kikao cha kupitia kifo cha mzazi kina msingi wake: hakuna jina, hakuna lawama, hakuna aibu. Kinaharibika pale kinapogeuzwa baraza la nidhamu. Mwombe Mganga Mfawidhi, kabla ya siku, mambo haya. Faili lisomwe na mtu mwingine, "mkunga wa zamu", si jina. Binti asisimamishwe mbele ya watu 15 kujibu. Maelezo yake yachukuliwe mapema na mtu mmoja, akiwa amelala na kula, na akitaka mwenza wake awepo. Suala la nidhamu, kama lipo, liende kwa njia yake, tofauti na kikao hiki, na kwa siku yake.

Ile barua ya saa 3 asubuhi, Sista, ndiyo kosa kubwa la kiutawala katika habari yako yote. Mtu aliyekesha, aliyetoka kubana ambu, saa 2 baada ya kifo, hawezi kuandika maelezo yenye mpangilio. Anaandika toba. "Nimemwua mgonjwa kwa uzembe wangu" imekwisha kuandikwa kwa mkono wa mtu mwingine kabla yake, na karatasi hiyo haifi, itamfuata mpaka Baraza la Uuguzi na Ukunga kama shauri litafika huko. Jua alichoandika. Kama ni cha namna hiyo, aandike maelezo ya nyongeza, yenye tarehe ya leo na kichwa kinachosema ni nyongeza: saa, tendo, saa, tendo. Zamuni tulikuwa wangapi, vitanda vingapi, mgonjwa alifika saa ngapi, nini kilivutwa, lini pumzi ilikata, lini ambu ilianza, nani alitumwa famasi na saa ngapi. Maoni yasiwemo. Faili la mgonjwa lisiguswe hata kwa nukta. Aliyesahau kuandika aandike chini, kwa saa ya sasa, aseme anaandika baadaye. Na kabla ya kusaini chochote zaidi aongee na chama chake, iwe TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, au Chama cha Wauguzi, TANNA. Polisi wakimwita, asiende peke yake. Ana haki ya kuwasiliana na wakili au ndugu.

Ndani ya kikao, kazi yako ni kuzuia swali "nani" lisimeze swali "kwa nini". Kuna jaribio moja jepesi. Chukua wakunga wengine 3 wenye uzoefu kama wake, wapewe usiku ule ule: mgonjwa anatetemeka, mwenza hayupo, ampuli ya asilimia 50, hesabu ya kufanya kichwani. Je, una uhakika wote 3 wangevuta 8 na 12? Kama huna uhakika, basi mtego umo wodini, umemnasa aliyekuwa karibu. Kuteleza si sawa na mazoea ya njia ya mkato, na vyote 2 si sawa na kudharau kwa makusudi. Anayeteleza anasaidiwa na mtego unaondolewa, mwenye mazoea mabaya anafundishwa, na adhabu ni ya anayejua hatari akaidharau. Kwa ulivyoeleza, huyu ameteleza.

Na swali la ratiba litakapokuja, usijitetee wala usijichome. Sema ulikuwa na watu wangapi, uliomba wangapi, lini, na barua ya maombi iko wapi. Wewe nawe utafute mtu wako, asiwe binti huyu.

Likizo au uhamisho? Likizo ya kumwacha chumbani peke yake akitazama dari ni adhabu hata kama barua imeandikwa "mapumziko". Uhamisho wa haraka kwenda chumba cha sindano wagonjwa wa nje, wodi nzima itausoma kama hukumu, na yeye pia. Asihamishwe wiki hizi isipokuwa ameomba mwenyewe. Siku ya nne ulimrudisha moja kwa moja kwenye chumba kilekile bila ngazi ya kushikilia, ndiyo maana akajifungia. Safari hii panga ngazi, na mpe yeye usemi wa mwendo.

Aanze siku 2 au 3 za mchana, kliniki ya wajawazito au wodi ya waliojifungua, saa chache, bila kushika dawa za hatari. Kisha leba mchana, ukiwepo wewe, akiwa wa tatu juu ya idadi ya kawaida. Kwanza aingie chumba kile kikiwa kitupu, na mwenza wake. Mwache asimame karibu na kitanda muda anaoutaka yeye. Mikono itatetemeka, moyo utaenda mbio. Hali hiyo hushuka yenyewe mtu asipoikimbia.

Kisha lile bomba. Siku tulivu, kwenye meza ya dawa, bila mgonjwa: bomba la mililita 20, ampuli ya asilimia 50 iliyokwisha muda, maji ya sindano. Avute mililita 8, asome kwa sauti. Aongeze maji mpaka mstari wa 20, asome kwa sauti. Mwenza arudie hesabu yake mwenyewe bila kuambiwa jibu: nusu gramu kila mililita, mara 8, gramu 4. Kama siku hiyo mna mabomba ya 10 tu, ni 4 na 6, mara 2. Arudie mpaka mkono uzoee. Wiki inayofuata, mgonjwa halisi akija, avute yeye na mwenza ahakiki. Msimvizie kwa kumpa ghafla "tuone kama umepona". Zamu ya usiku iwe ya mwisho kabisa, na si akiwa mmoja wa watu 2.

Utaona kitu kingine hapo katikati: atahakiki dozi ya parasetamo mara 5, atarudi kutoka getini kuangalia dripu. Usimcheke, na usimsifie kwamba sasa amekuwa makini. Ni woga, nao unachosha na kuleta makosa mapya. Kawaida hupungua ndani ya wiki chache. Ikipita wiki ya nne tangu tukio na bado ampuli inamjia usiku, anakwepa leba, hacheki, hali, basi si suala la kumpa muda tena, apelekwe kwa mtaalamu. Kuna tiba ya mazungumzo inayolenga tukio lenyewe, na inafanya kazi. Mpeleke hospitali ya rufaa ya mkoa, au hata mkoa jirani kama mnaweza. Asitibiwe kwenu, ambako faili lake litasomwa na watu anaokula nao chai.

Hiyo kalsiamu isingoje Alhamisi. Kabla hujatoka zamu leo, tafuta kisanduku chenye mfuniko. Ndani weka ampuli za magneziamu, maji ya sindano, mabomba 2 ya mililita 20, kalsiamu glukoneti ya asilimia 10 angalau ampuli moja ya mililita 10, nyundo ya kupimia goti, na kadi iliyoandikwa kwa kalamu nene: 8 + 12 = 20, polepole, si chini ya dakika 5. Chini yake: pumzi 16 au zaidi kwa dakika, goti linaruka, mkojo mililita 30 au zaidi kwa saa, ndipo dozi inayofuata. Nyuma ya kadi: pumzi ikikata, ambu kwanza, kalsiamu mililita 10 mshipani polepole. Ampuli za asilimia 50 zilizolala huru kwenye droo zitoke zote. Kisanduku kikabidhiwe kwa sahihi kila zamu, kama funguo.

Kisha mpigie binti umwambie kimewekwa, na umwulize kama kuna kitu umesahau.